Wifi Aliyegandisha Dawa

Kwanza kabisa, acheni kuniita bibi. Nimestaafu, sijazeeka. Shikamoo zenu nazipokea, marahaba, lakini niiteni Mama Shayo kama wagonjwa walivyoniita, tutaelewana vizuri.

Nyie manesi wapya mmeniomba niwaeleze kazi ilivyokuwa. Miaka yangu mingi niliimalizia kitengo cha saratani hapa Moshi, nikitundika dripu na kuchoma sindano. Nilipoanza, dawa zetu zilikuwa za kuua tu. Ziliua seli mbaya, na nzuri zikaenda nazo. Mtu alinyonyoka nywele, akatoka vidonda mdomoni, akatapika mpaka nyongo, na wewe nesi unamshikia beseni huku unamwambia, "Pole mama, inafanya kazi." Halafu zikaja hizi dawa za kingamwili. Nyie mmezikuta friji limejaa, mnaziona za kawaida. Sisi tulizipokea kama mkwe anayekuja mara ya kwanza, hujui anakula nini wala anachukia nini.

Aliyetufundisha alikuwa mfamasia wetu, Bwana Urio, sasa ni marehemu, Mungu amlaze pema. Mtu wa sauti kubwa, tumbo kubwa na huruma kubwa, lakini huruma aliificha. Sisi manesi tulikuwa tumezoea kutikisa. Chupa ya unga unaitia maji, unaitikisa kwa nguvu zako zote, unavuta, unachoma, unaita mwingine. Siku ya kwanza ya kingamwili, mwenzangu mmoja mwenye mikono ya haraka alitikisa chupa ikajaa povu mpaka shingoni. Bwana Urio alishika kichwa.

"We mama! Unapika mbege?"

Tukacheka mpaka machozi, kwa kufananishwa na wapika pombe ya ndizi. Yeye hakucheka hata kidogo.

"Hii ni protini," akasema. "Ni kama ute wa yai. Ukishaupigapiga haurudi tena kuwa ute. Zungusha chupa taratibu, iache ikae. Isipate joto, isipate barafu. Dawa hii ikiharibika haikupi taarifa. Inakaa chupani inakutazama, na wewe unamchoma mgonjwa maji."

Andikeni hayo, maana simu zenu hazitawaambia kwa sauti ya Bwana Urio.

Jambo la pili ni kuchoma polepole. Kuna ile ya chini ya ngozi, inayochomwa pajani kwa wagonjwa wa saratani ya titi. Ukiisukuma kwa pupa, paja linawaka na mgonjwa anakuchukia mpaka kiama. Inatakiwa uvute kiti, ukae, usukume kidogokidogo. Nimewaona baadhi yenu mmesimama, jicho moja kwenye sindano na jingine kwenye simu. Kaeni chini jamani! Ni dakika chache tu, na ndizo dakika ambazo mgonjwa anasema ya moyoni. Daktari anamuuliza maswali, anajibu ndiyo na hapana. Wewe uliyekaa naye kimya, umeshika paja lake, wewe ndiye atakayekuambia mume amehama chumba.

Na ni katika dakika hizo nilimfahamu Aikande.

Alikuwa mama wa Kirua Vunjo, bado kijana, mwenye watoto wawili. Aliuza ndizi na maparachichi soko la Kiboriloni, na mimi nakaa Kiboriloni, kwa hiyo nilikuwa nimeshanunua kwake kabla hajalala kwenye kitanda changu. Alikuwa na mdomo huyo! Ukibonyeza parachichi lake alikuuliza kama unampima mapigo ya moyo. Titi lake la kushoto lilikuwa limeshatolewa, dripu kali zimeshapita, na sasa alikuwa kwenye kingamwili, sindano kila baada ya wiki tatu.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Sasa hii inaua nini?"

Nikamwambia haiui kama zile. Nikamweleza kama Bwana Urio alivyonieleza mimi. Seli ina vipokezi juu yake, tuviite masikio. Mwili ukituma ujumbe wa kukua, masikio yanaupokea, seli inagawanyika. Seli za saratani ya aina yake zilikuwa zimeota masikio mengi kupita kiasi, zinasikia "kua, kua, kua" mchana kutwa, hata pale ambapo hakuna aliyezituma. Kingamwili inakwenda kukaa juu ya yale masikio, inayaziba. Seli ikikosa ujumbe, inatulia, na askari wa mwili wanaitambua.

Akafikiri. Kisha akaangua kicheko, mpaka nikamwambia atulie nisije nikamchoma mfupa.

"Masikio mengi? Basi nimeota saratani ya wifi yangu!"

Huyo wifi alikuwa amekaa hapo hapo kwenye benchi, kikapu magotini. Jina lake Ndeanasia, dada mkubwa wa mume wa Aikande. Mjane, hakujaliwa mtoto, alikuwa amerudi kwenye kihamba cha baba yake, shamba la migomba la ukoo, na nyumba yake ilitazamana na ya Aikande. Akajibu bila hata kugeuza shingo, "Nisiposikia mimi, nani atasikia ukiunguza chungu?"

Ndivyo walivyoishi, wanataniana kutwa. Na kila baada ya wiki tatu Ndeanasia alishuka naye kutoka mlimani, amebeba mtori, supu ya ndizi na nyama, kwenye chupa ya chai, kwa sababu alisema chakula cha hospitali hakina mtu aliyekionja. Mume alikuwa akifanya kazi ya kupandisha wageni mlimani, wiki nzima hayupo. Niwaambie ukweli, nimeona ndugu wengi wakimsindikiza mgonjwa. Wengi huanza kwa kishindo, halafu wanapungua. Yule hakupungua.

Ndeanasia alikuwa msimamizi wa kituo cha maziwa cha kina mama kule Kirua. Asubuhi kina mama wanaleta maziwa kwa ndoo, yeye anayapima, anayaonja kwa ncha ya ulimi, anayakataa yaliyotiwa maji, na mazuri anayamwaga kwenye tenki la kupozea. Mwenye maziwa yaliyochacha hakuthubutu kumtazama machoni. Kazi yake nzima ilikuwa kupigana na joto. Hilo mlishike, msije mkamhukumu kabla ya wakati.

Sasa, dawa. Wakati ule dawa ile ilikosekana kwetu, tukawaambia familia. Kaka yake Aikande aliyeko Dar akahangaika, akapata chupa tatu kwa mpigo, Mungu ambariki. Dawa ikinunuliwa nje, utaratibu wetu ni mmoja: inaletwa moja kwa moja kwenye friji la famasia, hailali nyumbani kwa mtu. Lakini mnajua Desemba ya Uchagani. Dar nzima inahamia mlimani. Kaka mtu alisafiri na boksi la barafu miguuni, foleni ikamla, akaingia Moshi mkesha wa Krismasi jioni, famasia imefungwa. Alichofanya ni kile ambacho Mchagga yeyote angefanya. Akapandisha na dawa nyumbani, akisema ataishusha sikukuu zikiisha.

Ndeanasia akaipokea kwa mikono miwili. "Nipe mimi," akasema. "Baridi ndiyo kazi yangu."

Na kweli, pale kituoni kulikuwa na friji zuri tu la kawaida. Angeiacha humo, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini siku ya Krismasi umeme ulianza mchezo wake. Unakatika, unarudi, unakatika. Jenereta lilivuta tenki tu. Ndeanasia akaacha nyama, akaacha mbege, akaacha wageni wa ukoo wamejaa uani, akashuka kituoni kwenda kuangalia dawa ya wifi yake. Akaona friji linaanza kupoteza baridi. Kwa mtu wa maziwa adui ni mmoja tu. Maziwa yakipata joto yamekufa. Yakiganda, yanayeyushwa, watoto wanakunywa. Basi akazitoa zile chupa kwenye friji, akazilaza kwenye friza, katikati ya barafu, akazifunika na kanga yake.

Baada ya mwaka mpya walikuja wote wawili. Naikumbuka sura yake. Aliweka boksi mezani kwangu kama mtu anayeleta mahari.

"Mama Shayo, umeme umetutesa wiki nzima, lakini dawa ya wifi haikuonja joto hata kidogo. Iliganda kama jiwe! Nimeitoa kwenye friza asubuhi hii hii ili iyeyuke tukifika."

Aikande naye akatabasamu. "Amekosa hata kula Krismasi kwa ajili ya chupa hizi. Kaka zake wamenuna."

Nilizitazama zile chupa. Zilikuwa nyeupe, safi, nzuri kwa macho, hakuna ambaye angejua. Nikasema ngoja nimuulize Bwana Urio, ingawa jibu nilikuwa nalo. Yeye alizipokea, akazigeuza kwenye mwanga, akakaa kwenye kiti chake. Yule mzee aliyezoea kupayuka, siku hiyo aliongea kwa sauti ya chini.

"Zote tatu?"

"Zote."

"Twende wote, Mama Shayo. Hili usiliseme peke yako."

Alimweleza Ndeanasia kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake. Kwamba barafu inaivunja ile protini, inapoteza umbo lake, haiwezi tena kukaa juu ya masikio ya seli na kuyaziba. Kwamba hakujua, na wengi hawajui. Ndeanasia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu.

"Ningeiacha kwenye friji, hata kama umeme umekatika?"

Bwana Urio angeweza kudanganya. Hakudanganya. Alisema, "Pengine ingepona."

Yule mama alikaa chini sakafuni. Hakulia. Alikaa tu, miguu ameinyoosha, anaitazama mikono yake. Aikande ndiye aliyemnyanyua. "Inuka wifi. Itapatikana nyingine. Usinitie aibu hapa kwa watu."

Ilipatikana, lakini ilichelewa. Nilikuwa naulizia kila kona, na kila mara naambiwa subiri. Wakati mvua za masika zinakaribia, Aikande alianza kuumwa kichwa. Kisha akaanza kujikwaa, akaangusha kikombe, akacheka, akaangusha kingine, hakucheka. Daktari akaandika kipimo cha kichwa. Saratani ilikuwa imeshapanda kwenye ubongo, tena si sehemu moja.

Walipewa majibu chumbani kwa daktari, nami nilikuwepo. Tulipotoka koridoni Ndeanasia alitaka kumshika mkono, Aikande akauondoa. Akamtazama, mbele ya watu wote waliokaa kwenye mabenchi.

"Umeniua, wifi."

Wanangu, nimesikia watu wakilaani madaktari, wakimlaani Mungu, wakinilaani mimi na mama yangu. Hakuna neno lililonichoma kama lile, kwa sababu lilisemwa bila hasira, kama mtu anayetaja saa. Ndeanasia aliweka kikapu chini, polepole, mtori ukiwa ndani. Akageuka, akaondoka. Na wiki zile hakurudi.

Sasa nisikilizeni kwa makini, hapa ndipo kazi yetu ilipo. Daktari alinionyesha zile picha. Akasema, "Mama Shayo, uvimbe wa ukubwa huu haukuanza Krismasi. Ulikuwepo hata tulipokuwa tunamchoma." Na ile kingamwili, hata ikiwa nzima, hata ikitunzwa na malaika, haipenyi vizuri kwenye ubongo. Mwili umeulinda ubongo kwa ukuta, na molekuli kubwa kama ile haiupiti kirahisi. Dawa inaziba masikio ya seli zilizoko kifuani, kwenye ini, kwenye mifupa. Zilizojificha kule juu zinaendelea kusikia. Zile chupa tatu zilipotea, ndiyo, na upotevu ule uliniuma. Lakini sizo zilizomuua.

Nilimweleza Aikande siku hiyo hiyo. Aligeukia ukutani, akasema hataki kusikia jina la mtu yule. Ukweli una saa yake ya kumezwa, kama dawa. Alipolazwa wodini, mume akawa anakuja na kwenda, watoto wakaletwa Jumamosi. Kule Kirua maneno yalikuwa yamevimba. Ndeanasia hana mtoto, walisema, ameona kihamba kinakwenda kwa wanawe Aikande, ameigandisha makusudi. Ulimi wa mtu hauna mfupa! Mwanamke aliyeacha Krismasi yake kwa ajili ya chupa!

Mume ndiye aliyeyaleta maneno hayo wodini, kwa uchungu, akisema dada yake hatoki tena kwenda hata kanisani. Jioni ile nilipokuwa namgeuza Aikande, akaongea. Maneno yake yalikuwa yameanza kuwa mazito, anayatafuta kama mtu anayepapasa gizani.

"Mama Shayo. Ulisema haikuwa ile barafu."

"Nilisema, na ndivyo ilivyo."

"Basi nimemsingizia." Akapumzika. "Kwenu pana isale?"

Kwa ninyi mliokulia mjini mkasahau kwenu, isale ni yale majani marefu tunayoyapanda mipakani mwa kihamba. Ukimkosea mtu kosa zito, unalifunga jani fundo, na mara nyingi unampa mtu wa kati alipeleke. Aliyepelekewa isale hakatai kusamehe. Hata damu imewahi kusamehewa kwa jani hilo.

"Lipo kwenye uzio wangu," nikasema. "Lakini Aikande, wewe ndiye wa kupelekewa, si wa kupeleka."

"Mimi ndiye niliyesema neno." Akafumba macho. "Mpelekee. Haraka, mama."

Kesho yake nilikata jani, nikalifunga fundo, nikapanda Kirua. Nilimkuta kituoni anapima maziwa. Alikuwa amekonda, mifupa ya shingo imetoka. Kina mama waliokuwa pale walimwaga maziwa yao, wakaondoka bila kumsemesha. Akaniona, akaliona lile jani mkononi mwangu. Akaficha mikono nyuma, kama mtoto.

"Usinipe. Tafadhali, dada, usinipe hilo."

"Limetoka kwa wifi yako."

"Mimi ndiye ninayepaswa kulibeba! Nimemuua mtu, halafu anipelekee isale? Ruwa wangu, Mungu wangu! Mnanifanya nini?"

Nikamweleza habari ya picha, ya ule ukuta wa ubongo, yote. Akatikisa kichwa. "Unanifariji tu. Manesi mnajua kufariji."

Hapo nikakasirika. Nina hasira za karibu, mnanijua. "Ndeanasia! Bwana Urio alikuambia ukweli siku ile, ukauma. Mimi nami nakuambia ukweli leo. Dawa uliiharibu, hilo sikuondolei. Wifi yako hukumuua, na hilo nalo sikuondolei. Na yeye hajanituma nikufariji. Amelala pale anaomba msamaha kwa neno alilokutamkia mbele ya watu, na ulimi wake unakwisha. Unalipokea au nirudi nikamwambie umelikataa isale?"

Alilipokea. Alilishika kifuani kwa mikono yote miwili, ndipo akalia, kilio kikubwa kilichomtoa nje hata mama wa duka la jirani. Hakubadilisha nguo. Tulishuka vile vile, ana harufu ya maziwa.

Tulichelewa kidogo. Mchana ule ulimi wa Aikande ulikuwa umeshafunga. Alikuwa macho, anatambua, lakini neno halitoki. Ndeanasia alisimama mlangoni mwa wodi, hasogei mbele wala nyuma. Aikande alimtazama. Alijaribu mdomo, ukakataa, chozi likamshuka. Kisha akaanza kujikokota, kwa ule upande mmoja uliobaki na nguvu, akijivuta kuelekea ukutani, kidogo, tena kidogo. Nilidhani anataka kuanguka, nikakimbilia kumshika. Akanisukuma. Alikuwa anampisha wifi yake nafasi kitandani.

Kanuni ya wodi mnaijua, ndugu hapandi kitanda cha mgonjwa. Nimewafokea watu wengi kwa kanuni hiyo. Nilivuta pazia, nikamwambia nesi wa zamu asiingie.

Ndeanasia alikaa naye mpaka mwisho, akimlisha kwa kijiko, akimsimulia habari za ng'ombe wa nani amezaa na nani ametia maji kwenye maziwa. Mara mbili tatu nilimwona Aikande akijaribu kucheka. Alifariki Jumapili asubuhi, watu wakiwa ibadani.

Nililia, sitawaficha. Waliowaambia nesi halii waliwadanganya. Halafu nikafanya tunachofanya, nikachota maji ya uvuguvugu, nikachukua taulo na sabuni, nikaja kumwosha. Ndeanasia alikuwa ameshasimama, amekunja mikono ya blauzi yake.

"Niachie mimi," akasema. "Huyu ni wangu."

Nikampa beseni.